Taa ya Kushoto

Ukungu ulikuwa kwenye taa moja tu. Hadia aliuona asubuhi alipotoka kumwaga maji ya vyombo. Taa ya kulia ya gari ilikuwa kavu kabisa, lakini ya kushoto ilikuwa imejaa ukungu kwa ndani, na chini yake, kwenye kona ya plastiki, yalituama maji ya rangi ya chai kiasi cha vijiko vitatu. Jua lilikuwa limeshapanda. Kila kitu uani pale mtaani Nsemulwa kilikuwa kinakauka, nepi, kuni, hata tope la kwenye matairi. Ukungu ule ulikuwa vilevile.

Katikati yake palikuwa na mstari uliofutika, mfupi, wa upana wa kidole. Hadia akashika ncha ya khanga akafuta kioo. Mstari haukubadilika. Ulikuwa umefutwa kwa upande wa ndani.

Hakukaa kuutazama. Alikuwa na nepi kumi na moja za kufua.

"Baba Rehani," akaita, "gari lako limekunywa maji."

"Limekunywa, halikulewa," Bashiru akajibu kutoka ndani. "Jana si limenifikisha?"

Jana yake Bashiru alikuwa ametoka Ugalla kuwauzia warina asali ndoo zenye mifuniko. Njiani alikuta kijito kimefurika. Wenye pikipiki waligeuza. Yeye alisubiri kidogo, akaona jua linazama, akaliingiza gari kwenye maji yaliyofika usawa wa boneti, akatokea ng'ambo. Alikuwa amelisimulia jambo hilo mara tatu tangu arudi, na kila mara maji yalikuwa yanaongezeka.

Lakini bila taa hawana kazi, na hilo walilijua wote wawili. Gari lenyewe lilikuwa dogo la Kijapani, la mwaka elfu mbili na moja, limechakaa kila mahali isipokuwa injini. Bashiru alikuwa anatoka nalo alfajiri kuwahi minada na anarudi magharibi. Ndilo lililokuwa linalisha duka lao, na duka ndilo lililokuwa linawalisha watu watatu, kwa kuwa sasa walikuwa watatu. Rehani alikuwa na wiki tano. Mimba mbili kabla yake hazikukaa. Alipewa jina la marehemu babu yake, baba yake Bashiru, na bibi yake, Bi Zuhra, aliyekuwa anaishi Tabora, alilia kwenye simu alipoambiwa. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulikuwa umeacha kumwita Hadia kwa jina lake. Alikuwa Mama Rehani, na alikuwa amelisubiri jina hilo miaka tisa.

Fundi alikuja saa tatu. Aliitwa Nestori, Mpimbwe kutoka Mamba, fundi umeme wa magari, mtu wa maneno mengi na mikono mitulivu. Kwanza alitoa waya wa betri. Halafu akafungua bampa, akaichomoa taa ya kushoto, akaipakata kama mtu aliyepakata kuku.

"Hii si taa ya kawaida, Mama Rehani. Hii ni zenoni. Ile ya kawaida ina uzi ndani, uzi ndio unaowaka. Hii haina uzi. Kile kichupa kina gesi tu. Hiki kisanduku cha chini ndiyo balasti, kinairushia umeme mkali mara moja, cheche inaruka, gesi inawaka. Umeme wa kuiwashia unamlaza mtu mzima, ndiyo maana mimi sigusi mpaka betri itoke."

"Kwa hiyo kinachowaka humo ni hewa?"

"Ni hewa. Haina uzi, haina utambi, haina moshi."

Hadia akakumbuka madrasa, alivyofundishwa kwamba majini wameumbwa kwa moto usio na moshi. Likapita tu kichwani, likaenda zake.

Nestori alitoa balbu kwa kitambaa safi, akaeleza kwamba mafuta ya kidole yakibaki kwenye kichupa kile kinapasuka kikipata moto. Akamwaga maji. Yalitoka polepole, mazito, yana harufu ya tope la mtoni.

"Maji yametoka, unyevu bado. Jua la leo halitoshi. Nikaushie kwenye makaa, Mama Rehani, moto mdogo usio na ndimi, mpaka plastiki iwe vuguvugu. Naenda kuangalia gari la mtu pale mjini, nikirudi naziba kwa silikoni."

Makaa yalikuwepo tayari. Kila asubuhi, tangu ajifungue, Hadia alikuwa anawasha chetezo, anatia udi, anafunika kwa tenga, na juu ya tenga anatandaza nguo za mtoto zinukie. Siku hiyo alitazama taa, akatazama chetezo, akaona hakuna sababu ya kuchoma mkaa mara mbili. Akainua tenga, akaiegesha taa pembeni ya chetezo juu ya matofali mawili, akafunika, akarudisha juu yake khanga ya mtoto ya kumbebea. Moto mmoja, kazi mbili.

Moshi wa udi ulikuwa unapanda, unaingia kwenye tundu la nyuma ya taa, unazunguka ndani ya kile kioo polepole. Hadia alikuwa amempakata mtoto, anamtikisa, macho yanafumba kwa usingizi wa siku nyingi. Alikuwa anasema maneno ambayo mama yeyote husema.

"Karibu Rehani. Karibu baba. Nguo zako zinanukia. Njoo uvae."

Nestori aliporudi aliinusa taa akacheka.

"Taa yako inanukia kama bibi harusi."

"Ziba, fundi. Mimi nimechoka."

Aliziba kila mahali, hata kile kitundu kidogo cha nyuma kinachoachwa ili taa ipumue. Alisema ndiko maji yalikoingilia. Akairudisha kwenye gari.

Jioni wakapima mwanga. Taa ya zenoni ikikaa vibaya inawapofusha wenzako barabarani, kwa hiyo Nestori alilisimamisha gari hatua saba kutoka ukuta wa chumba cha kulala, akachora ukutani kwa mkaa mstari mmoja wa kulala na misalaba miwili, kila taa na msalaba wake. Bashiru akawasha. Taa zikapepesa, zikawa za buluu, zikatulia zikawa nyeupe, na balasti ikaanza kutoa ule mlio wake mwembamba, kama mbu aliyeganda sikioni.

Mwanga wa kulia ulikuwa safi. Wa kushoto ulikuwa na giza. Halikuwa doa, lilikuwa kama wingu, kubwa, halina mwanzo wala mwisho, limefunika karibu nusu ya ukuta.

"Balbu imechoka," Bashiru akasema.

"Balbu ikichoka inageuka zambarau, haiweki wingu," Nestori akasema. Akafuta kioo. "Labda ni hiki kioo, kimekuwa cha njano. Kesho nakisugua kwa msasa na dawa ya meno. Na balbu ukibadili, badili mbili. Ukibadili moja gari linakuwa na macho ya mlevi."

Wakacheka. Hadia hakucheka, alikuwa ameshaingia ndani. Mtoto alikuwa macho. Hakuwa analia. Alikuwa amelala chali ndani ya chandarua, kichwa kimegeukia ukutani, ukuta uleule ambao kwa nje ulikuwa umechorwa misalaba, na macho yake yalikuwa yanatembea taratibu kama yanayomfuata mtu.

Siku ya pili Nestori alisugua kioo mpaka kikawa kama kipya. Jioni wakawasha. Wingu lilikuwepo, ila limepungua. Sasa lilikuwa jeusi zaidi, refu kwenda juu, jembamba kwenda chini.

"Linatoka hilo," Bashiru akasema. "Linapungua."

Nestori alizima, akatoa betri, akasubiri, akabadilisha balbu, ya kushoto akaiweka kulia na ya kulia kushoto. Ndiyo kanuni ya kazi yake: kosa likihama na balbu, balbu ndiyo mbovu. Wakawasha. Giza halikuhama. Akabadilisha balasti. Halikuhama. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akaitazama ile taa kwa muda.

"Kosa haliko kwenye balbu," akasema, "na haliko kwenye balasti."

Usiku huo Hadia aliamshwa na mbu. Akapunga mkono, mlio haukwenda mbali wala haukuja karibu, na alipozidi kuamka akaujua, ulikuwa ule mlio mwembamba wa balasti, na gari lilikuwa nje limezimwa na waya wa betri umetolewa. Mlio ulikuwa humu chumbani. Ulikuwa unatoka upande wa ukuta, juu kidogo ya kitanda, mahali ambapo kichwa cha mtu mzima kingekuwepo kama angesimama pale. Na harufu ya udi ilikuwa imejaa, na udi hakuwa amechoma tangu asubuhi, na chini ya harufu ile ya udi kulikuwa na nyingine, ya tope, ya majani yaliyooza kwenye maji.

"Baba Rehani," akanong'ona. "Unasikia?"

"Nasikia," Bashiru akanong'ona. Alikuwa macho muda mrefu kabla yake. Akaanza kusoma alichokijua kwa moyo, chini chini, na mlio ukashuka, ukashuka, mpaka alipofika mwisho akanyamaza kuvuta pumzi. Ukarudi.

Kesho yake mtoto hakunyonya vizuri. Kesho kutwa hakunyonya kabisa ila kwa kukamuliwa kwa kijiko. Hakuwa na homa, alikuwa wa baridi. Hakuwa analia. Mtoto asiyelia ni raha kwa siku moja, siku ya pili Hadia alikuwa anamfinya mguu makusudi ili asikie sauti yake, na mtoto alikuwa anamtazama tu, kisha anageuza kichwa ukutani.

Jioni ile ya nne Hadia mwenyewe ndiye aliyesema wawashe taa.

Wakawasha. Kwenye mwanga wa kushoto kulikuwa na kivuli cha mtu. Kilikuwa na kingo kali kama kilichokatwa kwa mkasi: kichwa, shingo, mabega ya mwanamke, na mikono miwili iliyonyooshwa mbele, viganja juu, kama mtu anayepokea kitu. Kati ya taa na ukuta hapakuwa na kitu, zaidi ya zile hatua saba za uani, beseni lililopinduliwa, na ndala moja ya Bashiru.

"Kimepungua tena," Bashiru akasema, akarudi hatua moja nyuma.

"Mama Rehani," Nestori akanong'ona, "hebu weka mkono wako mbele ya taa ya kulia. Karibu kabisa."

Akaweka. Ukuta wote wa kulia ukaingia giza, wingu tu, halina kingo.

"Sasa tembea nao uende ukutani."

Akatembea, mkono ameunyoosha, na kila alipopiga hatua wingu lilikuwa linapungua na kukolea, likaanza kuwa na vidole, vidole vikaanza kuwa na ncha, na alipokaribia ukuta mkono wake ulikuwa pale juu ya mstari wa mkaa, mdogo, mweusi, mkali, saizi yake mwenyewe, na hapo ndipo alipoelewa fundi alikuwa anamwonyesha nini.

"Siku ya kwanza kilikuwa kwenye taa," akasema.

"Ndiyo."

"Kimekuwa kinatembea."

"Ndiyo, mama."

Na wote watatu wakautazama ule ukuta, ukuta wa tofali moja la kuchoma uliosiribwa kwa udongo, ambao nyuma yake, kwa kipimo cha mkono mmoja tu, kulikuwa na kitanda, na chandarua, na mtoto aliyelazwa peke yake, na wakati bado wanatazama kile kivuli kikapiga hatua moja, ile ya mwisho, kikawa chembamba kama ufa, kikaingia ukutani, na mwanga wa kushoto ukabaki mweupe, safi, kama wa gari jipya.

Hadia hakukumbuka baadaye alivyofika chumbani. Alichokikumbuka ni chandarua, jinsi kilivyokuwa kimebonyea kwa upande wa ukuta, kimeingia ndani kwa mviringo kama kitambaa kinachobonyezwa na paji la uso, na chini ya mviringo ule vibonyeo viwili vya viganja vikishuka polepole kuelekea kwa mtoto, na mtoto anatabasamu. Alikiraruararua kile chandarua. Alimchomoa mtoto kwa mguu na mkono kama anavyochomolewa mtu kwenye maji. Mahali kilipokuwa kimebonyea, kilikuwa kimelowa maji ya rangi ya chai.

Walikesha sebuleni wamewasha taa ya umeme, mtoto katikati.

"Yupo mama mmoja anauza asali nyuma ya soko," Nestori akasema kulipokucha. Hakuwa ameenda kwake. "Sikuzani. Mtu wa Ugalla. Watu wanamfuata kwa mambo haya, ila hapendi kuombwa."

Sikuzani alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, amefunga kilemba cha buluu, anapima asali kwenye chupa za maji. Hakuwakaribisha kukaa. Alimtazama mtoto, akamnusa utosini, akakunja uso.

"Mimi nauza asali," akasema. "Nani amemfukizia huyu?"

Hadia akaeleza. Kijito, maji, taa, makaa. Alipofika kwenye tenga Sikuzani akaacha kumimina.

"Juu ya tenga kulikuwa na nini?"

"Khanga ya mtoto."

"Chini kulikuwa na udi?"

"Ndiyo."

"Ulisema neno?"

"Nilisema karibu Rehani. Njoo uvae."

"Eeh." Sikuzani akafunga kifuniko cha chupa kwa nguvu. "Wewe mama una kosa moja, una haraka. Sisi kwetu moshi ni kazi ya kila siku. Moshi wa mavi ya tembo unafukuza, moshi mtamu unaita. Mumeo amechota maji yenye mwenyewe, amekuja nayo nyumbani. Hapo angeyamwaga yakaisha. Wewe ukampikia mwenyewe moshi mtamu, ukamtandikia nguo ya mtoto, ukamtajia jina, ukamkaribisha. Halafu fundi akamfungia milango yote akamwachia mwanga. Huyo hajaja kuiba. Amekuja kuchukua alichopewa."

"Sikumpa!" Hadia akasema. "Nilikuwa naokoa mkaa."

"Yeye hajui mkaa."

Waliondoka mchana uleule, wote, na gari lenye tundu upande wa kushoto. Taa ilikuwa miguuni kwa Sikuzani, imefungwa kwenye ile khanga ya mtoto. Pale kwenye kijito maji yalikuwa yamepungua. Sikuzani aliwasha mavi ya tembo kwenye kopo, moshi ukatoka mchungu, mzito, wa kukohoza. Nestori akachana silikoni kwa kisu, pande zote, na kile kitundu cha kupumulia akakizibua kwa msumari. Taa ilikuwa tupu. Balbu alikuwa nayo Nestori mfukoni, balasti ilibaki kwenye gari, hapakuwa na waya wala betri, na pamoja na hayo yote Sikuzani alipoelekeza moshi kwenye tundu la nyuma, taa ndani ya khanga iliwaka. Iliwaka zambarau. Maua ya khanga yakaonekana yote, na nyuzi zake, na vidole vya Sikuzani vikawa vyekundu hadi mifupa. Mlio ukapanda mpaka mtoto mikononi mwa Hadia akafumbua mdomo kwa maumivu. Sikuzani akaizamisha. Mwanga ukaonekana chini ya maji ukishuka, ukienda mbali kuliko kina cha kijito kile kilivyokuwa, ukawa nukta, ukaisha.

Na mtoto akalia. Alilia kwa hasira, uso mwekundu, mateke, na Hadia akaketi kwenye tope akampa ziwa, akanyonya kama aliyekuwa safarini.

"Bado," Sikuzani akasema, ananawa mikono. "Jina limekwenda naye. Huyu mpeni lingine leo hii hii."

"Yunusi," Bashiru akasema. Ndilo lililomjia.

"Na yule atarudi kulitafuta lile. Atauliza. Siku arobaini asiitikiwe. Mtoto asiitwe Rehani, na wewe mama usiitike Mama Rehani. Akikosa wa kumwitikia siku arobaini, anachoka, anakwenda zake."

"Mtaa mzima unaniita hivyo."

"Basi kuwa kiziwi."

Akawa kiziwi. Nestori alifunga taa mbili mpya, za kawaida, zenye uzi, na zilipopimwa ukuta ulikuwa safi. Bashiru alijaribu kufuta misalaba ya mkaa, haikutoka vizuri, Hadia akaona aitumie: kila jioni alikuwa anachora kando yake alama moja. Alama ya tatu, ya kumi, ya ishirini. Yunusi alikuwa analia usiku na mchana, na Hadia alikuwa halali, na alikuwa anashukuru.

Kazi ilikuwa ni majirani.

"Mama Rehani!" Emerensiana wa nyumba ya pili akaita juu ya ua. "Mama Rehani, nyie mna chumvi?"

Hadia akaendelea kufua.

"Haya, ndio tumepata mtoto hatuitiki tena! Kuna watu wana maringo!"

Ilimuuma. Miaka tisa alikuwa amewaita wenzake Mama fulani na Mama fulani huku yeye anaitwa Hadia, na sasa jina lake lilipokuja alikuwa anapishana nalo sokoni kama halimhusu. Walimwambia kila mtu kuwa mtoto amebadilishwa jina. Wengine walizoea, wengine hawakujali. Bi Zuhra tu ndiye hawakumwambia. Mama mkwe alikuwa anapiga simu kila Ijumaa. "Mama Rehani, mume wangu mdogo hajambo?" Hadia alikuwa anampa Bashiru simu kabla ya kutoa sauti, na Bashiru alikuwa hana moyo wa kumwambia mama yake kwamba jina la baba limetupwa mtoni. Alisema atamwambia uso kwa uso. Bi Zuhra alikuwa anakuja kwa treni.

Siku ya kuja kwake, alama ukutani zilikuwa thelathini na tisa.

Bashiru alikwenda na gari stesheni alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Hadia alifagia, akatandika kitanda cha mgeni, akachambua mchele wa Mamba aliouweka akiba, akaanza kukanda unga wa chapati. Mtoto alikuwa analia chumbani tangu saa kumi, kilio cha tumbo tu, cha kawaida. Alikuwa amempa ziwa mara mbili, amembeba, amemlaza. Mgongo ulikuwa unamuuma, mikono ina unga hadi viwikoni, mafuta yalikuwa jikoni yanapata moto. Adhana ya magharibi ikaisha. Mwanga wa taa za gari ukaingia uani, ukapita dirishani, ukasimama ukutani juu ya masufuria.

Wamefika, akawaza, na chapati hata moja.

"Hodi! Mama Rehani!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe, ileile, ya kukwaruza kidogo, yenye uchovu wa safari.

"Mama Rehani, nimelowa mwenzio. Nipokee."

"Abee mama!" Hadia akaitika. "Karibu, pita ndani, mlango upo wazi!"

Simu ikalia juu ya kabati. Akaibonyeza kwa kiwiko, akainamisha sikio.

"Hapa stesheni bado nipo," Bashiru akasema, na nyuma yake mvua ilikuwa inapiga bati. "Treni imekwama Ugalla, maji yamejaa relini. Nimeongea na mama sasa hivi, watalala hukohuko. Usitusubiri, funga mlango ulale."

Hadia alikuwa anatazama ule mwanga juu ya masufuria, jinsi ulivyokuwa unageuka taratibu, kutoka mweupe kwenda zambarau. Kwenye korido kulikuwa na nyayo za mtu aliyelowa, za polepole, zinapita mlango wa jikoni bila kusimama, zinaelekea chumbani.

Na mtoto, aliyekuwa analia tangu saa kumi, akanyamaza.